Kufufua kalipa za breki za nyuma kwenye Subaru ya zamani, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Tairi la nyuma kushoto linachemka kuliko la kulia, shida nini?" "Nimeweka pedi mpya juzi, ya ndani imeshakwisha na ya nje bado nzima." "Fundi anasema ninunue kalipa nzima, je, ripea kiti haitoshi?" Kalipa ni kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski, na ripea kiti ni seti ya sili na mipira mipya ya kuifufulia. Majibu yote nimeyaweka hapa ili anayeuliza kesho apate pa kuanzia.

Gari la mfano ni Subaru Forester ya toleo la SG (2002 hadi 2007) pamoja na Impreza za miaka hiyo zenye diski nyuma. Nimezichagua kwa sababu zimejaa barabarani kwetu, na pia kwa sababu kalipa yake ya nyuma inamfaa anayejifunza: ina pistoni moja, inarudi ndani kwa kusukumwa tu, na hendibreki haiigusi kabisa, ina shuu zake (vipande vya breki vinavyotanuka) ndani ya diski. Kama una Toyota Mark II GX110 yenye diski nyuma, kazi inafanana sana. Kama una Golf au gari lolote ambalo waya wa hendibreki unavuta kalipa yenyewe, soma sehemu yako huko chini kabla hujashika spana.

Nadharia ni hii tu, ila ishike vizuri. Ndani ya tundu la kalipa kuna mfereji uliochongwa kuzunguka, na ndani yake inakaa sili ya mpira yenye kona nne. Ukikanyaga breki pistoni inatoka kidogo sana na sili inajipinda nayo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni irudi. Hakuna springi humo, ni mpira peke yake. Sasa kutu ikiingia kwenye mfereji inajaa nyuma ya sili, inaisukuma iikabe pistoni, na pistoni hairudi tena. Ndiyo maana watu wanabadilisha sili na baada ya miezi tatizo linarudi: mpira ni mpya, mfereji ni ule ule. Ukiruka hatua ya kusafisha mfereji, umemwaga mafuta ya breki bure.

KWANZA HAKIKISHA NI KALIPA

Usifungue kalipa kwa kubahatisha. Inua nyuma yote kwa jeki, shusha juu ya stendi, weka gia N, hendibreki chini, kabari imara kwenye matairi ya mbele. Zungusha tairi kwa mkono. Subaru inavuta magurudumu manne, kwa hiyo tairi la nyuma haliwezi kuwa jepesi kama la baiskeli. Utasikia uzito wa difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) na ekseli. Unachotafuta ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Kama difu yako inafanya matairi yote mawili yazunguke pamoja, sikiliza upande gani unakwaruza, na upime joto la rimu baada ya safari fupi.

Kisha mwambie mtu akanyage breki mara moja na kuachia. Zungusha tena. Kama tairi limekaza, legeza nipeli ya kutolea upepo nusu mzunguko, ukiwa umeivalisha mpira na chupa. Mafuta yakiruka na tairi likalegea hapo hapo, presha ilikuwa imenaswa. Hapo mshukiwa wa kwanza ni hozi ya mpira: zikizeeka huvimba kwa ndani, zinaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, na kwa nje hozi inaonekana haina kosa. Badilisha hozi. Kama pande zote mbili zinafanya hivyo, angalia masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki).

Kama tairi bado limekaza hata baada ya kufungua nipeli, ni kalipa, pini zake au hendibreki. Ing'oe kalipa kwenye diski: diski ikibaki nzito, tatizo ni shuu za hendibreki na si kalipa.

Pedi nazo zinasema. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, anza na pini za kutelezea. Pistoni inaisukuma pedi ya ndani, lakini kalipa imeshindwa kuteleza ili ilete ile ya nje. Wengi wanaokuja wakitaka kalipa nzima wanahitaji kusafishiwa pini na kupakwa grisi.

VITU VYA KUWA NAVYO

Nunua kwanza, fungua baadaye. Gari lililokaa juu ya stendi huku unazunguka madukani kutafuta washa mbili (vipete vya kuzuia kuvuja) ni adha.

Ripea kiti ya kalipa za nyuma: sili, mpira wa vumbi na ringi yake, mipira ya pini. Kiti nyingi zinatosha pande mbili, ila hesabu kabla ya kulipa. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, nenda na namba ya chesisi na kipimo cha pistoni. Pistoni za nyuma za Subaru nyingi za kundi hili ni milimita 38.1. Muuzaji akikwambia "hii inaingia zote", muombe venia.

Mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, chupa mpya ambayo haijafunguliwa, lita moja ili usibanie. Mafuta haya yananyonya maji kutoka hewani. Kiwango cha DOT 4 ni kuchemka kuanzia nyuzi 230 yakiwa mapya, na yakishanyonya maji kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka juzi mpe mtu wa kulegezea nati za kutu. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine, iache dukani.

Washa mpya za shaba, mbili kwa kila hozi. Grisi ya silikoni au grisi maalumu ya pini za kalipa. Spiriti au dawa ya kupulizia ya kusafishia breki. Tambara zisizoacha nyuzi, brashi ya waya, mswaki wa zamani, kijiti cha mbao, glavu na miwani.

Spana: soketi 19 ya nati za tairi, kwa kalipa andaa 12, 14 na 17, kwa nipeli 8 na 10, na iwe ringi au soketi ya pembe sita, si spana ya mdomo wazi. Klampu, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa, jeki na stendi mbili. Tofali si stendi, linapasuka bila taarifa.

Na mtu mmoja wa kukanyaga pedali anayesikiliza anapoambiwa. Sifa hii ya pili ndiyo ngumu kuipata.

KAZI YENYEWE

1. Egesha sehemu tambarare na ngumu. Kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Legeza nati za nyuma robo mzunguko gari likiwa chini, kisha inua, weka stendi kwenye sehemu za kuinulia zilizo pembeni mwa bodi, na ulitikise gari kwa nguvu kabla mkono wako haujaingia chini.

2. Fanya upande mmoja mpaka uishe, ndipo uende wa pili. Upande ambao hujaugusa ndio picha yako ya kufuatia. Piga na za simu pia, hasa klipu za pedi na jinsi hozi ilivyokaa. Usivunje pande zote kwa pamoja ukidhani unaokoa muda. Ukichanganya kalipa ya kushoto na ya kulia utalia wakati wa kutoa upepo, nitaeleza kwa nini.

3. Kalipa ikiwa bado imefungwa mahali pake, legeza nipeli kisha ikaze tena kidogo. Fanya hivyo hivyo kwa bolti inayobana hozi. Ikiwa mezani, kalipa inazunguka na wewe. Ikiwa kwenye gari, imeshikwa vizuri. Nipeli ikigoma, usiitumie misuli: pulizia dawa ya kutu, igonge kichwani kwa nyundo ndogo, subiri, jaribu tena. Ikikatikia ndani, hesabu gharama upya, maana kuitoboa na kuichonga uzi wa skrubu si kazi ya kujifunzia.

4. Toa bolti ya chini, inua kalipa juu, toa pedi. Kalipa isining'inie kwenye hozi; ifunge kwa waya kwenye springi.

5. Sasa ondoa pistoni kwa kutumia breki za gari lenyewe. Hapa ndipo wengi wanakimbilia kompresa, wakati pedali ina presha kubwa kuliko kompresa yoyote ya gereji na haina ujanja wa kukuumiza vidole. Weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, chenye unene utakaoiacha pistoni itoke karibu yote lakini isidondoke. Weka beseni chini. Msaidizi akanyage polepole, aachie, akanyage. Wewe angalia pistoni, na kila baada ya muda angalia kopo la mafuta ya breki chini ya boneti lisikauke. Kama gari lina umri, weka mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni: sili za masta silinda zikipelekwa kwenye sehemu ambayo hazijapita kwa miaka, zinachubuka kwenye kutu na unajiongezea kazi.

Kama hozi imeshatolewa na huna njia ila upepo, tumia presha ndogo, bar 2 au 3, mbao mbele ya pistoni, na vidole vikae mbali kabisa. Pistoni ikiruka inavunja mfupa.

6. Fungua bolti ya hozi, ziba hozi kwa kizibo safi cha mpira na kuielekeza juu. Mafuta ya breki yanakula rangi. Yakimwagikia bodi mwagia maji mengi papo hapo, usifute kwa tambara kavu. Toa kalipa, ivute pistoni kwa mkono huku ukiizungusha. Koleo lisiguse pembeni mwa pistoni.

7. Toa ringi ya waya inayoshika mpira wa vumbi, kisha mpira wenyewe. Sili ing'oe kwa kijiti cha mbao au plastiki. Bisibisi inachora mikwaruzo ndani ya mfereji, na mafuta yatapitia hapo hapo.

8. Mfereji. Kaa chini, washa tochi, usiwe na haraka. Kwa macho ya kawaida utauona msafi, kwa sababu sili ilikuwa imeufunika. Pitisha ncha ya waya wa shaba kwenye kona mbili za chini za mfereji, pale ukuta unapokutana na sakafu. Utaona unga wa kahawia unatoka, wakati mwingine umeganda kama simenti, hasa kwa magari ya Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako chumvi ya bahari haimwachii mtu. Kwangua, pulizia spiriti, sugua kwa mswaki, kwangua tena. Safisha pia mfereji wa mpira wa vumbi karibu na mdomo wa tundu. Kutu ya pale ndiyo inayoinua mpira, maji yanaingia, na ugonjwa unaanza upya. Usitumie tupa wala mashine ya kuchonga. Mfereji una umbo lililokusudiwa, ukuta mmoja una mwinamo ili sili iweze kujipinda, na ukiunyoosha umeua kazi ya sili.

Kipimo cha kujua umemaliza: weka sili mpya ikiwa kavu. Inatakiwa ilale sawasawa kuzunguka tundu lote na kujitokeza kwa kiasi kile kile kila upande. Ikipanda sehemu moja kama kilima, kuna kutu chini yake. Itoe, rudi kazini.

9. Kagua pistoni. Ifute, izungushe chini ya tochi, pitisha ukucha. Sili ya aina hii imekaa kwenye kalipa na inaisugua pistoni, kwa hiyo uso unaozuia mafuta ni wa pistoni. Tundu lenyewe likiwa na madoa kidogo nje ya mfereji si neno. Madoa ya rangi kwenye pistoni yasugue kwa polishi ya chuma na tambara. Vishimo vinavyoshika ukucha au ganda la kromu lililobanduka pale sili inapopita, hiyo ni pistoni ya kutupa. Msasa unaondoa kromu, na chuma kikibaki uchi kutu inakuja haraka kuliko zamani.

10. Osha kila kitu kwa spiriti au dawa ya breki, acha kikauke. Na hapa nasema kwa sauti: usioshee petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Najua gereji nyingi kuna kopo la petroli na brashi, na kalipa inatoka inang'aa. Mpira wa breki hauvumilii mafuta ya aina hiyo, unavimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Oili ya injini ni hivyo hivyo.

11. Braketi (fremu inayoshika pedi) na pini. Toa klipu za chuma zinazoshika masikio ya pedi, piga brashi ya waya chini yake mpaka chuma kionekane. Kutu ikijenga chini ya klipu inabana pedi, na pedi iliyobanwa inafanana kwa dalili na pistoni iliyokwama. Pedi zinatakiwa kuingia kwa kusukuma na kidole. Pini zitoe, zifute, safisha matundu yake, paka grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya kawaida ya bearing inavimbisha mipira ya pini na pini inanasa. Pini mbili mara nyingi hazifanani, moja ina kipira mwishoni. Irudishe tundu ilikotoka.

Vumbi la breki usilipeperushe kwa kompresa. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Mwagia dawa, futa likiwa limelowa.

12. Chovya sili kwenye mafuta mapya ya breki, iingize kwa vidole. Pitisha kidole kuzunguka kuhakikisha haijajisokota.

13. Mpira wa vumbi ndio unaowatoa watu jasho, ingawa una siri moja tu: uvalishe kwenye pistoni kwanza. Paka pistoni mafuta ya breki, vuta mpira uvae mwisho wa nyuma wa pistoni, yaani upande utakaoingia kwenye kalipa, ukingo mpana ukiwa umening'inia kuelekea kalipa. Shika pistoni juu ya tundu, ingiza ukingo huo kwenye mfereji wake kuzunguka kote, ndipo uanze kusukuma pistoni kupitia katikati ya mpira. Ikifika ndani, ukingo mdogo wa mpira utaruka wenyewe na kukaa kwenye mfereji wa pistoni. Rudisha ringi ya waya.

Pistoni isukume kwa vidole gumba viwili, wima. Mwanzoni itagoma ikifika kwenye sili, kisha itapita kwa ulaini. Ikiinama, itoe uanze tena. Nyundo haihusiki hapa. Na kama unalazimika kutumia klampu tangu mwanzo, sili imejisokota au mfereji bado una kutu. Usijidanganye kwamba "itajizoesha".

14. Rudisha kalipa. Hozi ipate washa mpya mbili, moja kila upande wa kichwa chake, na kijino cha kichwa hicho kikae kwenye nafasi yake ili hozi isijisokote. Bolti ya hozi ni takribani Nm 18 (kipimo cha nguvu ya kukaza), nipeli Nm 8 tu. Ni vitu vidogo na vinakatika. Bolti za kalipa na braketi kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Kabla ya kwenda mbele, angalia nipeli iko wapi. Lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Upepo unapanda juu, na kama umebadilisha kalipa za kushoto na kulia nipeli itakuwa chini. Utamwaga lita tatu za mafuta na pedali itabaki kama sponji. Kalipa itaingia bila ubishi wowote, ndiyo maana kosa hili halionekani mpaka mwisho.

15. Upande wa pili sasa, hatua zile zile.

16. Kutoa upepo. Jaza kopo. Fungua nipeli na uache mafuta yashuke yenyewe kwa dakika chache. Kalipa iliyo tupu inajaa vizuri zaidi hivyo kuliko kwa kupampu. Kisha vaa mpira kwenye nipeli, ncha yake izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia, wewe ufungue, mafuta yatoke, UFUNGE, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, kalipa inanyonya upepo na mmerudi mwanzo. Rudia mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke yakiwa na rangi ya yale ya chupa mpya. Kopo likikauka katikati ya kazi, na gari lina ABS (mfumo unaozuia matairi kukwama ukikanyaga breki), upepo unaweza kuingia mpaka kwenye kitengo chake na hapo utahitaji fundi mwenye mashine. Kwa hiyo jaza mapema. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe juu.

17. Pedali ikiwa ngumu, washa injini, kanyaga kwa nguvu na ushikilie kama dakika moja huku mwenzako anaangalia kalipa zote kwa tochi. Hata tone moja ni kosa.

18. Funga matairi, nati kwa mtindo wa nyota (kwa kuruka, si kwa kufuatana), kati ya Nm 80 na 100. Kabla gari halijasogea pampu pedali mpaka iwe juu, kwa sababu pistoni zilikuwa zimerudi ndani na mkanyago wa kwanza hautakamata chochote. Jaribu uani kwa mwendo wa kutembea, kisha barabara tulivu. Baada ya kilomita kadhaa simama, sogeza mkono karibu na rimu zote mbili za nyuma bila kugusa diski. Joto lifanane.

WENYE GOLF NA NDUGU ZAKE

Kwenye VW Golf za kizazi cha nne na magari mengi ya Ulaya ya umri huo, pistoni ya nyuma ina uzi ndani na hendibreki inaisukuma kupitia mkono ulio nyuma ya kalipa. Pistoni hii hairudi kwa klampu. Ukiibana unaharibu utaratibu wa ndani. Inarudi kwa kuizungusha huku unaisukuma, kwa kifaa cha kazi hiyo. Kwa kawaida inazunguka kuelekea mishale ya saa, lakini baadhi ya magari yana upande wenye uzi wa kinyume, kwa hiyo ikigoma usilazimishe. Kuitoa nje ni kinyume chake: izungushe mpaka iachie.

Sili, mfereji na mpira wa vumbi ni kazi ile ile niliyoeleza. Lakini mara nyingi ugonjwa wa Golf ni ule mkono wa hendibreki kuganda kwenye shimo lake kwa kutu. Toa waya, sukuma mkono kwa kidole: unatakiwa kurudi wenyewe mpaka mwisho. Usiporudi, kwa anayeanza ningesema nunua kalipa iliyofufuliwa kiwandani. Utaratibu wa ndani una springi iliyobanwa, na haupendi mikono ya kujaribu.

UKIKWAMA

Pedali laini, inashuka. Upepo umebaki. Angalia nafasi ya nipeli, kisha toa upepo tena kwa magurudumu yote manne. Ikipanda ukipampu na kushuka taratibu ukiishikilia, bila tone popote, masta silinda inavujisha kwa ndani.

Hozi inalowa kwenye kichwa chake. Umetumia washa za zamani, au kuna mchanga kati ya washa na kalipa. Usiongeze nguvu ya kukaza. Fungua, futa, weka washa mpya.

Tairi bado linachemka. Rudia kipimo cha nipeli. Likilegea ukifungua, ni hozi. Lisipolegea, toa kalipa uangalie kama pedi zinateleza kwenye braketi kwa kidole. Pedi mpya nyingine zinakuja na rangi nene masikioni, zipige tupa kidogo. Hendibreki iliyokazwa kupita kiasi nayo inafanya hivi hivi.

Hendibreki inapanda juu kuliko zamani. Kwenye Subaru kalipa haihusiki. Kuna kizibo cha mpira kinachoziba tundu la kurekebishia. Ingiza bisibisi, zungusha gurudumu la meno mpaka shuu ziguse, kisha urudishe meno machache mpaka diski izunguke huru.

Vishimo ndani ya mfereji wenyewe, si kutu ya kukwangua. Kalipa hiyo haifufuki. Ukienda kutafuta ya mtumba, ivute mpira wa vumbi palepale dukani na uchungulie: kalipa iliyokaa kontena na juani ina kutu kama ya kwako au zaidi, na bado itahitaji kiti. Nani ataigharamia, malizaneni kabla ya kulipa.